Eksrei ya kiuno isipigwe kwa mazoea

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wagonjwa wa kiuno, na wanaowaandikia eksrei.

Mtu akiumwa kiuno siku tatu tu, anataka picha, na asipoandikiwa huona hajatibiwa. Eksrei huonyesha mifupa: pingili tano za kiuno, na kama zimevunjika au kusogea. Diski, yaani kile kitu laini kati ya pingili na pingili, haionekani, wala neva iliyobanwa. Na huko “kusagika kwa pingili” kunakowatia watu hofu hukutwa hata kwa watu wazima wasioumwa kabisa. Maumivu mengi ya kawaida hupoa ndani ya wiki sita. Mionzi nayo si haba: ni zaidi ya mara kumi ya picha ya kifua, na kwa mwanamke hupita kwenye ovari. Aulizwe hedhi yake ya mwisho, isije ikawa ana mimba.

Wanaohitaji picha mapema ni walioanguka au kupata ajali, waliowahi kuugua saratani, wanaotumia dawa za steroidi muda mrefu, wenye homa, wanaokonda. Ila kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kuwa kimeanza na picha ikatoka safi, kwa kuwa mfupa hupoteza karibu theluthi ya madini yake kabla dosari haijaonekana. Aliyeingiwa ganzi sehemu za siri au anayeshindwa kuzuia mkojo asipangwe foleni ya eksrei. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) na upasuaji.

Kwa wenzangu wa chumba cha mionzi: inayoharibika zaidi ni picha ya kiuno inayopigwa kwa upande. Mgonjwa akilalia ubavu, kiuno chake hubonyea, hasa mwenye nyonga pana. Kunja magoti yake, weka sponji chini ya kiuno mpaka uti uwe sambamba na meza. Usipofanya hivyo, nafasi za diski hujifunga kwenye picha, na daktari atasoma kwamba zimebana kumbe hazijabana. Laza bamba la madini ya risasi mezani nyuma ya mgongo linyonye mionzi inayotawanyika, kisha banisha uwanja wa mionzi. Kilovolti 85 hadi 95 zinamtosha mtu wa umbo la wastani. Atoe pumzi, aizuie, ndipo upige. Mashine za kidijitali zinahitaji uangalifu zaidi, maana ukizidisha mionzi picha haiwi nyeusi kama filamu. Inatoka nzuri, na kosa halionekani.

Madaktari, fomu iliyoandikwa “maumivu ya kiuno” tu haitusaidii. Andikeni yalianza lini, yalianzaje, na mnatafuta nini. Na mgonjwa mwenye picha ya karibuni aje nayo, kwani mara nyingi hiyohiyo inatosha.

Mpiga picha za mionzi,
Morogoro