Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daktari Asomee Hapa Hapa Kigoma

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na nawapa pole waliofiwa ndani ya mwaka. Ada na matumizi atayasoma Mhazini. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo moja: kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, inayojengwa mkoani kwetu kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,470,967. Kwa miaka mingi, kijana wetu aliyetaka udaktari alipanda treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, au akaelekea Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, ama Dodoma. Husoma miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Huko ndiko anakopata marafiki, mchumba na daktari bingwa wa kumshika mkono. Wengi hawarudi, nami siwalaumu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishayasema haya katika miongozo yake ya 2010 na 2021: chukueni wanafunzi waliozaliwa vijijini, wekeni vyuo nje ya miji mikubwa, na mafunzo ya wodini yafanyike huko huko vijijini.

Furaha yangu ni kubwa, lakini nina hofu moja. Udaktari hufundishwa kitandani kwa mgonjwa, bingwa akiwa pembeni. Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, itageuka darasa, na hospitali za Kasulu na Kibondo nazo zitapokea wanafunzi. Je, hao mabingwa watalala wapi? Namkumbuka daktari kijana aliyepangiwa hospitali moja mkoani humu. Alipanga chumba mbali, na akiitwa usiku kwa mama mwenye uchungu pingamizi alitembea gizani peke yake. Mwaka haukuisha akaomba uhamisho. Niliumia, maana mikono yake ilikuwa mizuri.

Ndiyo maana kamati imeamua kwamba ombi letu la kwanza kwa uongozi wa mkoa liwe nyumba za wakufunzi na za watarajali. Vifaa tutavisemea baadaye.

Wapo watakaosema mkoa wetu ni wa pembezoni mno kwa elimu kubwa namna hii. Wakumbuke kazi iliyoanza hapa mkoani 2006, vituo vya afya vilipoboreshwa na madaktari wasaidizi wakafundishwa kumpasua mzazi karibu na kwake. Kwa mama wa Kalya, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye ziwa ndiyo barabara yake, ujuzi kusogea ni uhai.

Kamati ya elimu ilitembelea pia baadhi ya sekondari za Uvinza na Buhigwe. Watoto wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wapo, tena wenye akili; kwenye maabara tulikuta mirija ya kioo, ila kemikali hakuna. Atakayeingia kidato cha tano mwakani, akifaulu bila kukwama, atasajiliwa kuwa daktari baada ya miaka 8. Bila kemia hatafika hata mlangoni pa chuo. Napendekeza nusu ya akiba yetu iende kwenye maabara hizo, na nitaomba mpige kura leo.

Mwisho, mwenye chumba cha ziada jirani na Maweni, ambacho mtarajali anaweza kukipanga kwa kodi nafuu, amwandikishie Katibu jina lake kabla hajatoka ukumbini. Daftari liko meza ya mbele.