Kile Kidude cha Juu ya Kabati la Bibi

Amsterdam, 16 Februari 2025

Kwako Baba Mdogo,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu nyingi kwako, kwa Mama Mdogo na kwa wote hapo Ngamiani, nakuarifu kuwa mimi ni mzima. Ujumbe wako kuhusu paa la jiko nimeupata, na fedha ya mabati nitaituma mwisho wa mwezi, Inshallah. Ila intaneti ya nyumbani sitaacha kuilipia, na hapo ndipo ninapoomba unisikilize.

Nimesikia kuwa kwenye kikao ulisema ninalipia katuni za watoto, na kwamba miaka mitatu yote nimekaa Ulaya nikisomea simu. Neno hilo limeniuma, kwa kuwa limetoka kwako wewe uliyenisimamia hesabu kila jioni.

Ninachochunguza ni njia: ujumbe ukitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, unapita wapi? Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, vinavyopokezanwa na mitambo hadi vifike. Dar es Salaam pana kituo cha kubadilishana data tangu 2004, ambapo kampuni za mawasiliano zinaweza kupeana mizigo hapo hapo. Lakini kampuni mbili zisipounganishwa, pakiti inaweza kuvuka bahari hadi Ulaya na kurudi, ili tu ifike Kariakoo. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 za kwenda na 10,000 za kurudi hula milisekunde 100 kabla hata ya foleni za njiani. Mkongo wa baharini una gharama, na gharama ya safari hiyo isiyo na haja huishia kwetu sisi watumiaji.

Kile kidude kilichochomekwa kwenye ruta juu ya kabati la Bibi ndicho kinachonipimia hayo usiku na mchana. Ni kimoja kati ya maelfu ya vipimio vya RIPE Atlas, mradi wa kupima hali ya intaneti, vilivyotawanyika duniani. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini nanyi mkakaa bila mtandao, mimi huku niliziona pakiti za kabatini kwa Bibi zikihangaika kutafuta njia nyingine, nyingi zikipotea. Grafu hiyo imo katika makala yangu, ambayo mwezi uliopita imekubaliwa na nitaiwasilisha mbele ya wataalamu wa fani hii. Chini yake pameandikwa Tanga, Tanzania. Msimamizi wangu, ambaye hasifu ovyo, aliisoma mara mbili.

Ndiyo maana Novemba, Salim alipokichomoa siku tisa ili achaji simu, nilishindwa kula. Vipimo vya siku zile havipatikani tena.

Kuna jingine sijamwambia mtu. Kila asubuhi, kabla ya chai, natazama kama kidude kiko hewani. Kikizimika najua umeme umekatika Ngamiani, kikirudi najua Bibi amewasha feni yake, na moyo wangu unatulia.

Basi naomba Salim anunue ekstensheni ya matundu manne. Fedha yake nitaiweka pamoja na ya mabati.

Mwanao,
Zuhura