Kabla ya kulaumu betri, tazameni UPS imepangwa volti ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanunuzi wa UPS, yaani kile kifaa chenye betri kinachoendelea kulisha kompyuta umeme ukikatika, hasa halmashauri, zahanati, shule na wenye steshenari. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Korogwe. Betri nyingi za UPS ninazoletewa zikiwa zimekufa hazikuwa mbovu. Zimemalizwa na UPS ambayo tangu itolewe kwenye boksi hakuna aliyeipangia volti kulingana na umeme wa mahali ilipowekwa.

Watu wengi hudhani UPS hushika betri umeme unapokatika tu. Sivyo. Ina mipaka miwili ya umeme unaoingia, wa chini na wa juu. Umeme ukitoka nje ya mipaka hiyo, inahamia kwenye betri hata kama taa za chumbani zinaendelea kuwaka. Umeme wetu Tanzania ni volti 230 na hezi 50 (idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde), na kiwango cha kimataifa kinakubali upungue au uzidi kwa asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253. Lakini aliye mwisho wa laini, mbali na transfoma, anajua umeme mdogo wa jioni ulivyo, saa ambazo kila nyumba imewasha pasi, jiko na televisheni.

Kuna mama mwenye steshenari, anachapa mitihani ya shule. Alikuwa akibadilisha betri na bado UPS haikai hata dakika mbili umeme ukikatika. Nilikwenda jioni kwa makusudi. Saa moja kasoro UPS ikaanza: relei, yaani swichi ya ndani, inagonga tak, taa ya betri inawaka, inalia, inarudi kwenye umeme, kisha tak tena. Nikachomeka mita kwenye soketi. 194. 191. 197. Ikashuka tena 192. Nikafungua mpangilio wa UPS, mpaka wa chini umewekwa 196. Maana yake kila jioni betri inanyonywa vipande vipande, haipati nafasi ya kujaa, na ukija mkato wa kweli haina kitu. Mama analaumu betri, na aliyemuuzia naye anamwambia anunue nyingine.

Niliushusha mpaka hadi 170, kwa kuwa UPS ile inaruhusu na ina sehemu ya ndani ya kupandisha volti bila kugusa betri. Kelele zikaisha papo hapo. Kompyuta haikudhurika, na haikuwa na sababu ya kudhurika: power saplai yake, yaani kisanduku kinachoigawia umeme, imeandikwa ubavuni 100-240V. Kompyuta za siku hizi huvumilia umeme mdogo kuliko UPS zinazowekwa kuzilinda, na hilo wauzaji wangelisema mapema watu wangeokoa fedha nyingi.

Tahadhari, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila UPS ishushwe mpaka mwisho. Friji yenye kompresa ikipewa umeme mdogo, mota hujikaza, huvuta ampea nyingi na kuungua. Friji ya zahanati inahitaji stabilaiza yake, yaani kifaa cha kusawazisha volti, isichomekwe pamoja na kompyuta ya mapokezi. Na soketi inayosoma 170 kila siku ni tatizo la laini, litolewe taarifa, UPS si dawa yake.

Upande wa umeme unaotoka, UPS nyingi hukupa kuchagua 220, 230 au 240. Huku Tanga tunapata mashine zinazopitia Kenya, ambako umeme ni volti 240, na nyingine huja zimepangwa hivyo hivyo. Kwenye baadhi ya UPS, ukichagua 240 na mipaka ya kuingia hupanda pamoja nayo, kwa hiyo kwenye umeme wetu inazidi kukimbilia betri. Irudisheni 230. Mafundi wenzangu nao waache kupima UPS ndogo ikiwa kwenye betri kwa mita ya bei rahisi. Wimbi la umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi, mita hiyo imetengenezwa kwa wimbi laini, kwa hiyo inasoma pungufu. Fundi anaona volti hazitoshi, anapandisha 240, kumbe ilikuwa sawa.

UPS za mtumba kutoka Marekani sitazizungumzia sana. Zile ni za volti 120, hakuna kitufe cha kuzigeuza, na kubadilisha plagi peke yake ni kuita moto. Someni kibati cha nyuma kabla ya kutoa fedha.

Jenereta nayo ina mambo yake. Kasi yake ikiyumba, hezi zinayumba, na UPS iliyopangwa kuwa nyepesi sana kushtuka inaukataa umeme huo kabisa, inaendelea kula betri huku jenereta inanguruma nje. UPS nyingi zina mpangilio wa kupunguza wepesi huo. Ofisi inayotegemea jenereta iuulizie siku ya kununua.

Ombi langu ni kwa wakurugenzi wa halmashauri na maofisa ununuzi. Kwenye fomu ya kupokea vifaa ongezeni mstari mmoja: volti ya soketi iliyopimwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, mpaka wa chini na wa juu uliowekwa, na volti ya kutoka, kisha fundi aliyefunga atie sahihi. Mzabuni asilipwe mpaka mstari huo ujazwe. Na wauzaji wabandike maelezo ya kupanga volti kwa Kiswahili juu ya boksi, maana kijitabu cha ndani huishia kwenye pipa la taka pamoja na povu la kufungashia.

Fundi wa kompyuta,
Korogwe, Tanga