Ninayempinga ndiye ninayempa shikamoo

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tabora, nimeolewa Kigoma. Zamani nilifundisha chekechea katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Mshahara ulikuja kwa kubembeleza, nami tangu utoto napenda vyuma kuliko chaki. Nikaacha, nikasomea ufundi VETA, na sasa natengeneza injini za boti karibu na mwalo wa Kibirizi. Hela si haba na kazi naipenda. Kinachonisumbua ni mdomo wangu.

Mteja akija na mashine begani ananisalimia vizuri tu, kisha anamgeukia kijana ninayemfundisha kazi: "Fundi, hii inanizimikia majini." Kijana ananitazama mimi, mteja anaendelea kumtazama kijana. Hilo nimelizoea, nalicheka.

La juzi kati sikulicheka. Ilikuja boti ya kwenda Kagunga, tukaijaribu mashine yake kwenye pipa. Injini hizi hupozwa na maji ya ziwani: pampu huyavuta, yanazunguka ndani, kisha mchirizi mwembamba unarushwa nje kwa nguvu. Ule mchirizi ulikuwa unadondoka tone tone. Nikasema raba ya pampu imelika, wasiondoke. Fundi mwenzangu, mtu mzima kwangu, akasema ni plagi. Akazisugua kwa msasa, mashine ikanguruma, wakalipa. Nikarudia. Hapo wakahamia Kiha, ambacho mimi Mnyamwezi nakipata nusu nusu; nilichoambulia ni kicheko.

Ikachemka hata Gombe hawajafika, wakavutwa na boti nyingine hadi ufukweni. Ziwa lile lina kina cha zaidi ya mita 1,400, Shangazi, na ndani ya boti walikuwemo watoto. Waliporudi, fundi yule yule akawaeleza kwamba pampu ilikuwa mbovu. Wakamshukuru!

Bosi wetu, mzee mwenye roho nzuri, aliniambia, "Piga kelele mama, mwaloni hakuna adabu ya darasani." Nikajaribu, nikapachikwa jina la Mama Mkali. Tena nikipaza, sauti inapanda na kuwa ile ya "watoto, kaeni chini", na wenyewe wanaisikia hivyo. Mume wangu anasema watanizoea. Mama mkwe anasema chaki haichafui kanga.

Ajabu ni kwamba wakija akina mama wenye mitumbwi ya dagaa, maneno yananitoka yenyewe. Wananiuliza bei, wananiuliza sababu, nawaeleza kwa nini oili na petroli zichanganywe moja kwa hamsini na kitakachoungua wakipunja. Mmoja ameniambia nifungue kibanda changu, atanikopesha mtaji.

Sasa bosi anakwenda Hija na anataka kuniachia karakana yote, pamoja na yule fundi. Nikubali, au nimfuate mama wa dagaa? Na nikikubali, lile la pampu nimwite yule fundi pembeni nimwambie, au nilimeze? Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa upole kabisa. Saa nne, wateja wamesimama, nitamwambiaje kwamba boti haiondoki, asijione amekosewa heshima wala mimi nisionekane naomba ruhusa?

Mama wa wawili, Kigoma