Mhariri, yule si jongoo bahari

Mhariri salaam. Ile picha mliyotoa wiki iliyopita ya kijidudu cha kijani mkaandika chini yake eti mtoto wa jongoo bahari, jamani yule si jongoo kabisa, jongoo ni ndugu yake kiti cha pweza, huyu ni konokono asiye na gamba na ukoo wake ni mwingine kabisa.

Mi nakaa Paje, Zanzibar. Siku za bamvua maji yakitoka mbali huwa nafuatana na shangazi shambani kwake kwenye mwani, sasa kuna siku nikaona kwenye majani mwenzake huyo wa picha yenu, kitu kama punje ya mchele, kijani tupu, nikajua ni kipande cha jani mpaka kikatembea. Nikamtia kwenye kifuniko cha chupa na maji ya bahari, maana ukimtoa nje anajikunja anakuwa kama tone la kamasi huoni kitu. Alivyotulia akajinyoosha, akatoa pembe mbili zimeviringwa kama zile karatasi za kufungia karanga, na mgongoni ana mbawa mbili kazikunja zimekutana katikati. Jongoo hana pembe wala mbawa. Na angekuwa na yavuyavu za nje za kupumulia, kile kishada kama ua kinachokaa nyuma mgongoni, ningemtafuta kwenye kundi jingine, ila hana, kwa hiyo nikafika kwenye jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, la Elysia. Hawa wananyonya utomvu wa mwani na ile chembe ya kijani wanabaki nayo mwilini, ndo rangi yenyewe hiyo. Jina la pili, lile la spishi yenyewe, sijalipata bado, wanaofanana ni wengi mno.

Na hii kazi ya kuwatambua konokono wa bahari wasio na gamba hapa kwetu ni ya zamani, Charles Eliot aliyekuwa kamishna wa Waingereza Afrika Mashariki 1900 mpaka 1904 aliwaandika wengi tu wa Zanzibar, na Cyril Crossland, mtaalamu wa viumbe wa bahari, akimkusanyia. Shida mdudu akishalowekwa kwenye spiriti rangi inakimbia, kwa hiyo picha ya aliye hai kama hiyo yenu ni mali kubwa sana.

Naomba mrekebishe yale maandishi, halafu mniulizie aliyeipiga picha: huyo mdudu alikuwa na urefu gani, zile kingo za mbawa zilikuwa na rangi gani, na alimkuta juu ya jani lipi?

Msomaji wenu, Paje