Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ununuzi na Uthamini wa Bastola za Vita

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha wakusanyaji kwa mwaka unaoisha. Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na mahudhurio ya vikao vyetu hapa Dodoma yameridhisha. Kwa hiyo nafasi hii karibu yote nitaitumia kwa jambo ambalo wanachama wameliuliza kuliko mengine, yaani bastola za kijeshi za vita viwili vya dunia, jinsi zinavyonunuliwa na jinsi thamani yake inavyopimwa.

Sheria inatangulia. Umri wa bastola hauitoi nje ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wapo wanaodai kwamba silaha ya mwaka 1916 ni malikale tu, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, ilhali jeshi la nchi kavu la Ujerumani lilipokea bastola aina ya Luger P08 mwaka 1908, na Waingereza walipokea bastola ya silinda aina ya Webley Mk VI mwaka 1915. Ndiyo maana Kamati ilikataa ombi la kutumia fedha za chama kununua bastola, na kwa maoni yangu uamuzi huo ubaki kama ulivyo. Tununue ala za ngozi (mifuko ya kubebea bastola), medali, sarafu na nyaraka. Bastola tuisome na kuiandikia tathmini pale tu ilipo kwa mwenye kibali au katika makumbusho.

Kuisoma ndiko kwenye kazi. Bastola mbili za aina moja na za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei mara kadhaa, na sababu mara nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Katika P08 ya kijeshi, tarakimu za mwisho za namba ya silaha zimerudiwa kwenye vipande vidogo vingi, hivyo kipande kimoja kilichotoka kwenye bastola nyingine hujulikana mara moja na kushusha bei kwa kiasi kinachomshangaza mgeni wa fani hii. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, yenye namba ileile ya bastola ni adimu na hulipiwa ziada. Baada ya namba hutazamwa rangi ya awali ya chuma, ambayo hata ikichakaa kwa matumizi ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Aliyepitisha msasa ili bidhaa ivutie amejipunguzia fedha kwa mkono wake.

Mabadiliko ya baadaye nayo yana hesabu yake. Webley Mk VI nyingi zilipunguzwa sehemu ya nyuma ya silinda ili zipokee risasi za Kimarekani za .45, na mkusanyaji hulipa kidogo kwa hizo ingawa zinafanya kazi vizuri. Udanganyifu nao hufuata kilicho ghali. Bastola aina ya Mauser C96 zilizoagizwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1916 kwa risasi za milimita 9 zilichongwa tarakimu 9 kubwa nyekundu kwenye mpini, ili askari asizichanganye na zile za milimita 7.63, na leo tarakimu hiyo huchongwa pia kwenye bastola zisizotoka katika oda hiyo. Vivyo hivyo P08 ya kawaida, yenye mtutu wa milimita 100, huvalishwa mtutu wa milimita 200 na kuuzwa kama ya vikosi vya mizinga.

Kuhusu bei zenyewe, naomba tuache kunukuu kiasi anachotaja muuzaji, kwa kuwa hicho ni matumaini yake. Kinachofaa ni bei iliyolipwa mnadani pamoja na kamisheni ya dalali. Tena nchi zisilinganishwe ovyo. Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mikononi mwa raia mwaka 1997, kwa hiyo nyingi zinazouzwa huko zimelemazwa zisiweze kufyatua tena, na bei yake haiwezi kuwa kipimo cha bastola nzima inayouzwa Marekani.

Katika mkoa wetu shida kubwa ni hadithi. Kondoa Irangi palipiganwa vikali Mei 1916, na Dodoma ikatwaliwa na majeshi ya upande wa Uingereza mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, kwa hiyo kila muuzaji ana babu aliyeokota kitu cha Mjerumani. Huenda ni kweli, lakini hadithi isiyo na karatasi haiongezi hata shilingi. Wamarekani waliorudi na bastola kutoka Vita vya Pili walipewa hati zilizosainiwa na ofisa, na bastola iliyobaki na hati yake hulipiwa zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka huu familia moja ya wilayani Kondoa ilikuta bastola ndani ya sanduku la marehemu. Walifanya tunavyoshauri: hawakuigusa, wakamwita mtendaji wa kijiji, na polisi wakaichukua. Chama kilinunua ala yake tu, ambayo ndani ya kifuniko ina muhuri wa mtengenezaji na mwaka. Bei tuliipunguza kwa kuwa ngozi ilikuwa imepakwa mafuta ya alizeti miaka mingi, kwa nia njema kabisa, na mishono imeanza kuoza.

Kamati inapendekeza mambo mawili yapigiwe kura. Kwanza, kila kifaa kinacholetwa kuthaminiwa kijaziwe fomu yenye picha, namba zote na maelezo ya mwenye mali yaliyosainiwa mbele ya shahidi. Pili, salio la mfuko wa manunuzi lielekezwe kwenye sarafu za shaba nyekundu na njano zilizogongwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916, ambazo hazihitaji kibali cha silaha. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, imezidi uwezo wetu, na anayeiuza kwa bei nafuu aombwe kwanza kuipima uzito mbele ya sonara.

Mwenyekiti,
Dodoma