Manukato ya Kifalme Hayaishii Paris na London

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niongeze neno juu ya makala za mitindo zinazoeleza manukato yaliyopendwa na wafalme na malkia. Makala hizo mimi huzisoma kwa hamu, lakini karibu zote huanzia Versailles na kuishia Buckingham, kana kwamba kasri za Unguja na Maskati hazikuwahi kunukia.

Historia ya Ulaya siipingi, maana ina utamu wake. Louis wa 14 wa Ufaransa alijifukiza na kujipaka manukato makali enzi za ujana wake hata uzeeni yakamgeukia, asiweze kustahimili harufu nyingine isipokuwa ya maua ya michungwa. Napoleon alitumia kwa wingi mno maji ya Cologne, aina ya manukato mepesi ambayo Farina, Mtaliano aliyehamia mji huo wa Ujerumani, aliyapatia sifa mwanzoni mwa karne ya 18, ilhali mkewe Joséphine alishikilia miski. Mwaka 1853 nyumba ya Guerlain ikamtengenezea Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, manukato yaliyotiwa katika chupa iliyonakshiwa nyuki, alama ya utawala wa ukoo huo, na chupa hiyo ingali inauzwa hadi leo.

Ninachowasihi waandishi ni kutenganisha kilichoandikwa katika hati na kinachosemwa na muuzaji. Neno “kifalme” juu ya lebo huongeza bei, na si kila anayelitumia ana ushahidi. Hata pale hati ilipo, isomwe vizuri. Duka la Floris la London, ambalo lilifunguliwa mwaka 1730 na ambalo hutajwa katika kila orodha ya manukato ya wafalme wa Uingereza, lilipata hati yake ya kwanza ya kifalme, yaani kibali cha kuihudumia kasri, mwaka 1820 kutoka kwa George wa Nne, lakini hati yenyewe ilikuwa ya kutengeneza vitana vya nywele! Manukato yalifuata baadaye.

Lipo pia jambo ambalo makala hizo hulipita bila kulitazama, nalo ni mahali zilikotoka malighafi. Mfalme Charles wa Tatu alipotawazwa Mei 2023, alipakwa mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa Jerusalem yakiwa yametiwa waridi, asumini, mdalasini na maua ya michungwa, pamoja na viungo vingine. Safari hii hayakuwekwa kitu chochote cha mnyama, tofauti na mapishi ya zamani yaliyokuwa na ambari, kitu cha kunukia kitokacho tumboni mwa nyangumi, na zabadi, ute wenye harufu kali wa mnyama aitwaye fungo. Bidhaa hizo ni za bahari yetu na bara letu. Ambari ya bahari ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ilitajwa na msafiri Mwarabu al-Masudi tangu karne ya 10, na zabadi ilisafirishwa kutoka Uhabeshi kwa karne nyingi, ikiwa imejazwa katika pembe za ng’ombe.

Sasa nije kasrini kwetu. Shahidi tunaye, naye ni mtoto wa mfalme mwenyewe: Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza jinsi nguo za mabibi wa kasri zilivyolazwa usiku kucha zikiwa zimenyunyiziwa maua ya asumini na ya michungwa, kisha asubuhi, kabla ya kuvaliwa, zikatiwa harufu ya ambari na miski. Hapo hakuna chupa yenye jina la fundi wa Paris. Harufu ilitengenezwa nyumbani, ikapandishwa tabaka juu ya tabaka, na ikakaa katika nguo kuliko katika ngozi.

Desturi hiyo haikufa na kasri. Hadi leo katika nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa, kanzu na kanga za shughuli hutandazwa juu ya tenga, chetezo, yaani chombo cha kufukizia, kikawekwa chini yake, na udi wa kupika, uliokwishakolea sukari na marashi, ukatiwa juu ya makaa kidogo kidogo ili usitoe moshi wa kuungua. Asiyejua hutia mwingi kwa pupa na kuiharibu nguo. Bibi harusi hupakwa liwa, unga wa mti unaonukia, akavishwa kikuba, yaani kifungu kidogo cha maua, cha asumini na mrihani, na wageni wakanyunyiziwa marashi kutoka katika mrashi wa fedha. Kwa maoni yangu, huo ndio urithi wa kifalme ulioshuka hadi kwa watu wa kawaida pasipo kuhitaji tangazo.

Kule Omani, tawi la pili la ukoo wa Seyyid Said, yaani Al Busaidi, liliuchukua urithi huu kwa njia nyingine. Mwaka 1983 ilianzishwa nyumba ya manukato ya Amouage kwa matakwa ya Sultan Qaboos, ambaye alizaliwa Salalah, katika Dhofar, nchi ya ubani. Mfaransa Guy Robert aliitwa kuunda manukato ya kwanza, na ubani wa Dhofar ukawa miongoni mwa viungo vyake, na chupa ya wanaume ikapewa umbo linalokumbusha mpini wa jambia, kisu kilichopinda cha Kiomani. Kishada kinachoning’inia shingoni mwa kanzu ya Kiomani nacho bado huchovywa katika mafuta ya manukato, kwa mfalme na kwa raia.

Kwa hiyo, Mhariri, safari ijayo mtakapochapa makala ya namna hii, tafadhali mtumeni mwandishi wenu kwa wauza udi wa soko la Darajani hapa Unguja, na kwa kina mama wanaoupika, kabla hajafungua tovuti za maduka ya London. Kumbukumbu za Sayyida Salme nazo azisome. Zipo pia kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Mji Mkongwe, Zanzibar